Karai la Ikweta
Pale Nanyuki, kando ya barabara, limesimama bango la Ikweta. Wageni hupanga foleni: mguu mmoja kaskazini, mwingine kusini, tumbo wamelibana, picha. Hapo hujitokeza kijana na karai lenye tundu, maji na kijiti cha kiberiti. Hatua chache upande huu, kijiti kinazunguka hivi. Upande wa pili, kinyume. Mstarini, kimetulia kama bwana harusi. Makofi! Fizikia inasema mzunguko wa dunia ni dhaifu mno kuyaamrisha maji ya karai. Anayeyaamrisha ni mkono unaoyamimina. Lakini nani abishane, na cheti chenye jina lake kishaandikwa? Cheti hulipiwa, waungwana. Bango, lisemalo kweli, ni bure.