Wawili Jukwaani, Kazi Nafanya Mimi

Siku hizi kila kitu kinapungua isipokuwa bei. Mkate umesinyaa, kifurushi cha simu kinakata kabla hujamaliza salamu, na sasa upungufu umefika kwenye bendi.

Mimi ni mtu wa dansi. Bendi ya jazz niijuayo ni NUTA, ni Western, ni Morogoro ya Mbaraka Mwinshehe: gitaa la solo, la rithim, la besi, tumba, dramu, tarumbeta, saksafoni, na waimbaji wanaopokezana huku wengine wakifuta jasho. Jukwaa linajaa mpaka mpulizaji wa mwisho anasimama nusu ndani, nusu nje. Kwa hiyo binti wa dada yangu aliponiambia, “Mjomba, Ijumaa nakupeleka kwenye jazz,” nilipiga pasi suruali na kutafuta viatu vyenye soli laini, vya kuzungukia.

Tukafika kwenye hoteli moja upande wa Masaki, pale ambapo bei ya chupa ya maji inanunua katoni nzima mtaani kwetu. Jukwaani kulikuwa na piano nyeusi, kijana wa miwani na dada mmoja mwenye gauni refu. Nikawasubiri wenzao. Wenzao hawakutokea.

“Mpiga besi yuko wapi?”

“Hayupo, Mjomba. Ni wawili tu.”

“Anaumwa?”

“Hapana. Ndiyo mtindo wenyewe.”

“Na wa dramu?”

“Mjomba, shikamoo,” akasema, ile shikamoo ya kumnyamazisha mtu mzima.

Wakaanza na “Summertime”. Huo naufahamu. George Gershwin aliutunga kwa ajili ya opera yake ya mwaka 1935, Porgy and Bess, na ni wimbo wa mama anayembembeleza mwanawe alale. Hawa wawili waliupiga kwa mwendo ambao mtoto angeruka kitandani na kuulizia begi la shule. Halafu katikati wakapunguza kasi ghafla, nadhani kwa kumwonea huruma jirani.

Mpwa wangu akaninong’oneza kwamba nyimbo za namna hii huitwa standadi. Nyingi zilitungwa kwa ajili ya majukwaa ya maigizo ya New York na filamu, kati ya miaka ya 1920 na 1950, na kila mwanamuziki wa jazz anatakiwa kuzijua kichwani. Umbo la nyingi ni lile lile: kipande cha kwanza, kinarudiwa, kinakuja kipande chenye kona, kisha cha kwanza kinarejea. Kwa kuwa ramani iko wazi kwa wote, kila mmoja ana ruhusa ya kupitia vichochoro. “My Funny Valentine” ilitoka kwenye mchezo wa jukwaani wa mwaka 1937. “Autumn Leaves” ilizaliwa Ufaransa kwa muziki wa Joseph Kosma, Johnny Mercer akaipa maneno ya Kiingereza, na tangu hapo kila mtu anaifanya atakavyo bila kuomba radhi kwa wazazi.

Niliporudi nyumbani nikatafuta nani alianzisha ujeuri huu, maana kila uharibifu una mwasisi. Nikamkuta Coleman Hawkins. Oktoba 1939 aliingia studio New York na saksafoni yake akarekodi “Body and Soul”. Akagusa wimbo wenyewe kidogo tu pale mwanzoni, kisha akaondoka nao, na hakuurudisha mpaka santuri ilipokwisha. Watu wakaipenda. Basi ikawa leseni.

Halafu yuko Ella Fitzgerald. Mwaka 1960 akiwa Berlin, mbele ya maelfu ya watu, alisahau maneno ya “Mack the Knife”. Hakusimama. Akatunga yake hapo hapo, akaimba waziwazi kwamba maneno yamempotea, akamwigiza Louis Armstrong, akamaliza. Kwetu mwimbaji akisahau maneno, chupa zinaruka. Ella walimpa Grammy.

Hata hili la kupiga wawili halikuanzia Masaki. Ella huyo huyo mwaka 1950 aliimba nyimbo za Gershwin na mpiga piano Ellis Larkins, bila mtu wa tatu, tena kwa adabu: wimbo unautambua tangu neno la kwanza. Mwaka 1975 Tony Bennett na Bill Evans wakajifungia studio California, sauti moja na piano moja. Na kati yao wako Jeanne Lee na Ran Blake, waliorekodi mwaka 1961. Hao ndio babu na bibi wa wale wawili wa Ijumaa. Blake anagusa kinanda kisha ananyamaza, Lee anasubiri, na wewe msikilizaji unaangalia kama umeme umekatika.

Lakini dhuluma yenyewe nilikuwa nimeshaigundua pale pale hotelini. Mpiga besi asipokuwepo, kazi yake haifutiki. Lazima mtu aifanye. Wapiga piano wengi huitwisha mkono wa kushoto. Yule kijana wa miwani mkono wake wa kushoto aliupumzisha kwenye goti kama bwana harusi anayesubiri picha. Sasa mapigo yanatoka wapi? Nikatazama chini ya meza: mguu wangu. Mguu wangu ulikuwa unapiga dramu, vidole vyangu vinapiga besi kwenye ukingo wa kiti, na nilikuwa nimelipa kiingilio.

Wakati huo huo kichwani nilikuwa nimeajiriwa kazi ya tatu. Mwimbaji akiuvuta mstari mpaka unakaribia kukatika, utajuaje kama ameuvuta, kama huna ule ulionyooka wa kulinganishia? Ule ulionyooka hawaupigi wao. Unaupiga mwenyewe, kimoyomoyo, kutoka ghala yako. Ni sawa na kurudishwa nyumbani kwako ukakuta wamehamisha milango: raha yote, na nundu zote za kipaji cha uso, zinatokana na kukumbuka ilipokuwa.

Ushahidi ukaja walipopiga “Malaika”. Wimbo huu nao ni standadi, hata kama haukupita New York. Fadhili William aliurekodi Kenya, Miriam Makeba akautembeza duniani, Boney M wakauvisha disko, na wanaodai kuutunga hawajawahi kuisha. Sisi tumeuimba kwenye harusi kwa vifijo, na hotelini mtalii hapewi ufunguo wa chumba kabla hajaimbiwa.

Yule dada aliuanza bila piano. Polepole, karibu anazungumza. Kijana akaingia kwa sauti za chini, nzito, zisizotaka kutulia mahali. Ukumbi ukanyamaza mpaka mhudumu akasimama na soda mkononi akiogopa kuifungua. Na walipofika mwisho, piano haikufunga. Iliuacha wimbo wazi, kijana wa watu yuko pale pale, mahari hana, binti anampenda, na hakuna anayemwambia itakuwaje.

Sasa hilo ndilo lalamiko langu kubwa. Wimbo huo nimeucheza harusini maisha yangu yote kwa furaha. Nani alimwomba huyu dada anikumbushe kwamba unahusu mtu aliyeshindwa kuoa kwa sababu ya umaskini? Jumamosi iliyofuata nilikuwa kwenye sherehe ya shemeji, DJ akauweka, watu wakainuka na vitambaa hewani, mimi nimekaa namhurumia kijana wa kwenye wimbo. Mke wangu akaniuliza kama chakula kimenikataa.

Meza ya jirani pale hotelini alikuwepo binti wa rika la mpwa wangu. Wimbo ulipoisha akamgeukia mwenzake: “Huu wao mpya ni mtamu, uko YouTube?” Nikamtazama kwa wivu. Alilipa kiingilio sawa na changu, akapata wimbo mmoja, mzuri, umekwisha. Mimi nilipewa nyimbo mbili zikigombana, wa kwao na wa kwangu, na ugomvi huo ndio uliokuwa muziki. Yeye alikuja kustarehe. Mimi nilikuwa zamu ya usiku.

Mpwa wangu ameshasema mwezi ujao wanarudi, safari hii watazigeuza nyimbo za zilipendwa tupu. Maana yake ghala yangu yote inakwenda kutumika. Nimekubali kwenda, ila nimeandika ankara nitakayoikabidhi mlangoni. Kupiga besi, usiku mmoja. Kupiga dramu, usiku mmoja, mguu wa kulia. Kutunza “Malaika” katika hali yake ya asili tangu utotoni, bila ruzuku: hiyo ndiyo yenye pesa nyingi. Maji ya chupa wayakate humo humo.