Barua ya wazi kwa kiwanda kilicholiita gari langu kikakataa kulipokea

Mkurugenzi Mkuu,
Kiwanda cha Magari (mnajijua),
Japani.

Kupitia kwa:
Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Wakala Rasmi,
Dar es Salaam.

Ndugu Mkurugenzi,

YAH: KUITIKIA WITO WENU KUHUSU MFUKO WA HEWA WA USUKANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Awali ya yote naomba nikupongeze kwa kutengeneza gari imara. Lilizaliwa kwenu, likatumika kwenu, likachoka kidogo kwa vipimo vya kwenu, likapakiwa melini na kushushwa bandari ya Dar es Salaam likiwa, kwa vipimo vyetu, jipya. Limelipiwa ushuru, limelipiwa kodi ya uchakavu, na mpaka leo nikizungusha ufunguo mara moja linaitika. Sina neno na injini, sina neno na gia, hata kiyoyozi kinapuliza. Neno langu ni moja, na kwa umbo ni dogo: kikopo cha chuma kilichofichwa katikati ya usukani, nyuma ya nembo yenu inayong'aa, kikiwa kimenielekea kifuani kila ninapoendesha.

Najua mtasema kikopo hicho hamkukitengeneza ninyi, ni cha kampuni ya Takata. Ni kweli. Takata alikitengeneza, ninyi mlikinunua, mkakifunga, mkakiuza pamoja na gari. Ndani yake mna vidonge vya nitrati ya amonia, kemikali inayojulikana zaidi kwenye mbolea na kwenye baruti za kupasulia miamba. Gari likigonga, vidonge huwaka na gesi yake hujaza mfuko kabla dereva hajapepesa jicho. Hayo ndiyo makusudio. Lakini joto na unyevunyevu vikipokezana kwa miaka, vidonge hudhoofika, na siku vikiitwa kazini huungua kwa kasi isiyotakiwa. Kikopo hupasuka, na vipande vya chuma hutoboa mfuko ule uliowekwa kumwokoa mtu, vikamfikia shingoni na usoni.

Hizo si porojo za kijiweni. Honda alianza kuyaita magari yake yarudi kutengenezwa kwa sababu hiyo mwaka 2008. Baadaye wakafuata Toyota, Nissan, Mazda, BMW, Ford na wengine, hata Marekani peke yake ikafikia mifuko ipatayo milioni 67 iliyotakiwa kubadilishwa. Waliokufa nchini humo kwa vikopo hivyo ni zaidi ya 25. Mwaka 2017 Takata alikiri mbele ya mahakama ya Marekani kwamba aliwauzia wateja wake, yaani ninyi, mali kwa taarifa za majaribio zilizochakachuliwa. Akakubali kulipa dola bilioni 1, na mwezi Juni mwaka huohuo akaomba kinga ya kufilisika. Kwa hiyo nanyi mlidanganywa, na ninawapa pole. Mimi naomba tu nisirithishwe uongo huo kupitia usukani.

Uzuri wa ubovu huu, kwa upande wa biashara, ni kwamba hauonekani. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi hupima umeme, haipimi afya ya vidonge. Kwa hiyo huwaka kidogo na kuzimika kwa adabu, kuashiria kwamba mambo ni shwari. Fundi hawezi kuusikia kwa sikio, na mnunuzi hawezi kuugundua hata azunguke na gari yadi nzima. Kipimo pekee alichoachiwa dereva ni ajali.

Ndiyo maana mkaliita gari. Niliingiza namba ya chasisi kwenye ukurasa wenu wa Kijapani, kijana mmoja wa mtaani mwenye simu nzuri akanitafsiria, na jibu likasomeka: gari hili limeitwa, kazi haijafanyika. Wahenga wanatufundisha kwamba mwito haukataliwi, hukataliwa lile uliloitiwa. Nikaliosha gari, nikavaa shati la kutokea, nikaja.

Mapokezi ya wakala wenu hayana kasoro. Kuna ubaridi, kuna kahawa, kuna gari jipya limesimamishwa katikati ya ukumbi kama bibi harusi, halisogelewi bila sababu. Binti wa mapokezi alinipa shikamoo yangu, akanisikiliza, kisha akauliza swali moja tu: "Baba, gari ulinunua kwetu?" Nikamwambia hapana, ni la mtumba, nililiagiza Japani. Tabasamu lake halikuondoka, ila lilibadilishiwa kazi: kutoka kunikaribisha, likaanza kunisindikiza.

Hata hivyo alijitahidi. Akaleta fomu yenye visanduku 17 vya namba ya gari. Magari mliyoyatengeneza kwa soko la kwenu yana namba fupi kuliko hiyo, na hilo mnalijua kwa kuwa ninyi ndio mliozigonga kwenye chuma. Tukabaki na visanduku vitupu. Akapendekeza tujazie sifuri. Tukajazia. Kompyuta ikajibu kwamba gari la namna hiyo halipo duniani. Nilichungulia dirishani nikaliona limeegeshwa palepale, juani.

Hapo akatoka meneja mwenyewe. Aliniita "mzee wangu", nikajua jibu ni hapana. Akanieleza kwa upole kwamba wito ule ni wa magari yaliyouzwa na wakala, mengine yanashughulikiwa na nchi yalikotoka. Nikauliza: nilirudishe Japani? Akasema huo ni utaratibu. Nikauliza nifanye nini kwa sasa. Akanishauri, kwa usalama, abiria wasikae kiti cha mbele. Nikamkumbusha kwamba kikopo kinachozungumzwa ni cha usukani, na kwamba nikihamia kiti cha nyuma gari litakosa mwendeshaji. Akaahidi kulifikisha suala langu ngazi za juu. Kwa kuwa ngazi ya juu ni wewe, nimeamua kumpunguzia kazi.

Ajabu ni kwamba gari hilohilo mlikwisha kulitambua huko nyuma. Nilipokuja kununua chujio la oili na pedi za breki, hakuna aliyeniuliza limetoka wapi. Mlilipata kwenye kompyuta, mkalitajia bei, mkapokea fedha, mkanikatia risiti yenye jina langu. Kumbe kwa kazi ninayolipia mimi, gari ni la kwenu. Kwa kazi mnayotakiwa kulipia ninyi, gari ni la Japani.

Nikaenda gereji. Mafundi wetu hawana fomu, wana majibu. Wa kwanza alitaka kuung'oa mfuko na kuitoa ile taa ya dashibodi, "isikusumbue mzee". Maana yake nikigonga, nipokelewe na usukani mtupu. Wa pili alinipeleka kwa wauza vipuri vya magari yaliyokatwa, ambako mifuko ya hewa ilikuwa imepangwa juu ya meza, mizuri, imefutwa vumbi. Hakuna hata mmoja uliobaki na namba ya chasisi ya gari ulimotoka. Ningeweza kutoa mfuko mmoja wa Takata na kununua mwingine wa Takata, mkongwe zaidi, kwa fedha yangu. Hilo ndilo soko mnaloliachia kazi mnapofunga mlango.

Tuzungumze jiografia kidogo. Wakaguzi wa usalama wa magari wa Marekani waliigawa nchi yao kwa joto na unyevu, wakayapa kipaumbele magari ya Kanda A, yakiwemo ya Florida, Texas na Hawaii, kwa sababu huko vidonge huharibika mapema. Sijui kama kuna mtu wa kwenu aliyewahi kuegesha gari Kariakoo mwezi Machi, saa nane mchana, halafu akaugusa usukani. Kwa Dar es Salaam, Tanga, Zanzibar na Mombasa ingebidi alfabeti iongezwe herufi kabla ya A. Ninyi, badala ya kutuweka mbele ya foleni, mmetutoa kwenye foleni.

Na msiseme haiwezekani. Huko Marekani Honda ilituma watu kugonga milango ya wenye magari, nyumba kwa nyumba, kuwabembeleza wayalete. Mimi hamkunigongea, nimejigongea mwenyewe. New Zealand, nchi inayoendesha upande wa kushoto na kununua mitumba ya Japani kama sisi, ilitoa amri mwaka 2018 kwamba mifuko ya aina hatari zaidi, inayoitwa Alpha, ibadilishwe kwa lazima, na mitumba iliyoagizwa kutoka Japani ikiwemo. Hakuna kiwanda kilichokufa kwa amri hiyo. Hata kwenu, tangu Mei 2018, magari yenye baadhi ya mifuko hiyo ambayo haijabadilishwa hayapiti ukaguzi wa lazima. Kwa hiyo gari linaweza kuwa hatari mno kwa lami laini ya Nagoya, na bado likawa salama kabisa kwa barabara ya Mbagala. Ningependa kukutana na mhandisi aliyefikia hitimisho hilo.

Nisiwe mkali kwenu peke yenu. Nyumbani nako tuna mambo yetu. Mamlaka ya Mapato inaujua umri wa gari langu kwa usahihi usio na huruma, na imeutoza. Askari wa barabarani amekagua pembetatu, mtungi wa kuzimia moto na stika ya Wiki ya Nenda kwa Usalama, na zote zipo. Mwenye bima amechukua chake. Kila mmoja wao ameiandika namba ya chasisi kwenye karatasi yake. Hakuna aliyewahi kuilinganisha na orodha yenu ya magari yaliyoitwa, ingawa kazi hiyo ni ya karani mmoja na kompyuta moja. Namba ya gari kwetu hutumika kumtafuta anayedaiwa, haijawahi kutumika kumtafuta aliye hatarini.

Kosa lenu, Ndugu Mkurugenzi, halihitaji tume ya uchunguzi. Wito mmeufunga kwa mteja wa kwanza, ilhali hatari imefungwa kwenye gari. Yule Mjapani aliyelinunua likiwa jipya alikwisha kuliuza, akanunua jingine, na yawezekana barua yenu imemkuta akiwa salama kabisa. Kikopo kilipanda meli. Kilipopita Bahari ya Hindi hakikupungua ubovu, na kikipasuka hakitauliza risiti ilitolewa na duka gani.

Kwa maelezo hayo, naomba yafuatayo:

(a) Gari lolote lenye nembo yenu na kasoro yenu lipokelewe na wakala wenu bila kuulizwa lilinunuliwa wapi. Nembo mliyoibandika ninyi ndiyo kitambulisho chake.

(b) Fomu ikubali namba fupi za chasisi za soko la Japani. Sifuri tuziache kwenye bei ya kazi hiyo, ndiko zinakostahili.

(c) Orodha ya magari yaliyoitwa wakabidhiwe wakaguzi wa bandarini, ili gari lijulikane lina deni la usalama kabla halijajulikana lina deni la kodi.

(d) Kifaa kikiwa hakijafika, mteja aandikiwe tarehe. "Tutakupigia" si tarehe.

(e) Mfuko unaotolewa uharibiwe, usije ukakutwa tena mezani kwa wauza vipuri, umefutwa vumbi.

Sijaomba fidia, sijaomba gari jipya, wala kahawa sikuimaliza. Nimeomba mtengeneze kitu ambacho ninyi wenyewe mmeandika kwamba ni kibovu.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Mteja msiyemtambua, mwenye gari mnalolijua.

Nakala kwa:

Shirika la Viwango Tanzania: ninyi mnakagua mitumba. Ongezeni swali moja kwenye orodha yenu: je, gari hili limeitwa na kiwanda?

Mamlaka ya Mapato Tanzania: namba zote mnazo. Wapeni wanaozihitaji.

Kikosi cha Usalama Barabarani: stika yangu bado mpya, asanteni.

Mwenye gari la mtumba, popote ulipo: namba ya chasisi imeandikwa kwenye kadi ya gari. Itafute leo kwenye tovuti ya kiwanda, au mpe kijana akutafutie. Ukikuta gari limeitwa, lipeleke kwa wakala. Ukikataliwa, usiondoke na pole ya mdomo. Dai sababu kwa maandishi, yenye jina, sahihi na mhuri. Meneja anayesema hapana kwa urahisi huwa mzito sana kuisainia.