Kiraka Kimebanduliwa, Ruhusa Iko Wapi?

Kama hujawahi kunyimwa ruhusa na faili uliloliandika kwa mikono yako mwenyewe, shukuru Mungu na uendelee na chai yako. Wengine ndiyo maisha yetu.

Kijana mmoja wa ofisini kwetu, Ijumaa jioni, roho yake ikiwa imeshatangulia nyumbani, alileta kiraka, yaani orodha ya mistari ya kuongeza na kufuta, cha kuondoa skripti inayonakili data za wateja. "Kaka, hii haitumiki tena." Jumatatu ikabainika kwamba inatumika, tena kila usiku. Bosi akasema, "Si mkibandue tu?" Mabosi wanalipenda sana hilo "tu".

Kubandua kiraka ni kukisoma kinyumenyume: mstari uliofutwa unarudi, ulioongezwa unaondoka. Tukabandua. Mistari ikarudi yote, hata ule wenye matusi ya fundi aliyeacha kazi zamani. Usiku seva ikaiita skripti, ikajibiwa: ruhusa imekataliwa.

Kwenye Unix na ukoo wake, kusoma ni 4, kuandika ni 2, kuendesha ni 1; hujumlishwa, tarakimu moja ya mwenye mali, moja ya kundi lake, moja ya wengine wote. Faili la 755 linaendeshwa na yeyote. La 644 haliendeshwi na mtu, hata mwenye mali. Skripti yetu iliondoka na 755, ikarudi na 644. Ni mtumishi aliyesimamishwa akarejeshwa kazini: meza kapewa, kiti kapewa, funguo za stoo bado anazo katibu muhtasi.

Kiraka cha mtindo wa kale, cha enzi ambazo Larry Wall alitoa programu ya patch mwaka 1985, hubeba mistari basi. Ruhusa haina pa kukaa. Git, aliyoianzisha Linus Torvalds mwaka 2005, ina adabu zaidi. Kichwani mwa kiraka huandika kwamba faili lililofutwa lilikuwa 100755, yaani ile 755 yetu. Lakini hicho kichwa nacho lazima kigeuzwe: ruhusa ya zamani iwe mpya, na faili lililofutwa lizaliwe upya na ruhusa ileile liliyofia nayo. Programu ikigeuza mwili ikaacha kichwa, inakukabidhi maiti iliyoandikwa vizuri.

Hata kikigeuzwa sawasawa, manung'uniko yangu hayajaisha. Katika ruhusa zote hizo, Git hutunza moja tu: faili linaendeshwa au haliendeshwi. Faili ulilolifungia kwa 600 ili jirani asichungulie linaandikwa 644. Lifute, lirudishe, na kwa mipangilio ya kawaida kila mwenye akaunti kwenye seva analisoma.

Ombi langu kwa mafundi wa programu hizi ni dogo. Mkijaribu kubandua, msilinganishe mistari mkapongezana. Futeni faili la 755, libandueni, kisha jaribuni kuliendesha. Likigoma, hamjarudisha kitu.

Bosi wetu yeye keshapata dawa. Anataka kila faili lipewe 777, kila mtu asome, aandike, aendeshe, tuone ni lipi litakalotugomea tena. Nikamweleza kwamba hata hilo litahitaji kiraka.

Akauliza kama kinabanduka.