Waraka wa Wazi kwa Watunga Kanuni za Watoto Angani

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Mashirika ya Ndege, pamoja na Watunga Kanuni za Anga mlioko Dar es Salaam, Montreal na kwingineko.

Mimi raia wa Songea, mji ambao ndege ya pangaboi huushukia pale Ruhuwiko na kuondoka tena kabla watoto waliokuja kuitazama hawajachoka kupunga mikono, nathubutu kuwaandikieni waraka huu, si kwa inda wala kwa utovu wa adabu, bali kwa kuwa nimezisoma kanuni zenu zihusuzo watoto wachanga, na kila nikizirudia nazidi kuistaajabia hekima ambayo akili yangu ya mkoani haijaifikia.

Mmehukumu, na hukumu yenu imekubaliwa takriban dunia nzima, kwamba kiumbe asiyetimiza miaka miwili ni sehemu moja ya kumi ya mtu. Ndiyo maana aghalabu hulipiwa asilimia 10 ya nauli, akapewa haki ya kupakatwa na kunyimwa kiti. Siku atimizapo miaka miwili hupanda daraja kwa ghafla, akawa thuluthi mbili au robo tatu ya mtu, na katika cheo hicho hudumu hata atimize miaka 12. Fauka ya hayo, umri huo huhesabiwa kwa tarehe ya safari wala si kwa tarehe ya kukata tiketi, hata ikawa mtoto aliyeondoka Songea yu mchanga, akitimiza miaka miwili kwa shangazi yake Dar es Salaam, hana budi kurejea yu abiria mwenye kiti. Hilo sina ugomvi nalo. Nauliza tu, kwa faida ya wanazuoni: ikiwa ndege iliyokuwa imchukue siku ya mwisho ya uchanga wake imeahirishwa hadi kesho yake, kwa ukungu wa milima yetu au kwa zile sababu ambazo abiria huambiwa kuwa ni za kiufundi, je, tofauti ya nauli italipwa na mtoto aliyekua bila ya ruhusa, au na ndege iliyochelewa kumbeba angali mdogo?

Kuhusu aliyezaliwa jana, kwamba asiruke kabla ya siku saba, au kumi na nne kwa mashirika mengine, hatuna la kusema. Bibi zetu walikwisha kuwatangulieni kwa kumweka mzazi ndani siku arobaini, wala hawakudai cheti cha daktari.

Ama katika jambo la maji, mniwie radhi nikiwakumbusheni kuwa mnasema na watu wa Songea. Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, babu zetu waliaminishwa kwamba kwa dawa ya maji risasi za Wadachi zingegeuka maji. Mwisho wake ulikuwa kitanzi, na makaburi yao yapo Mahenge, hapa hapa mjini kwetu, penye makumbusho, kwa kila apendaye kuyazuru. Tulidhani mlango huo wa elimu umefungwa. Kumbe Agosti 2006, ilipogunduliwa London njama ya kulipua ndege kwa vimiminika, dunia ikaanza kuitakidi kinyume chake, kwamba maji ndiyo yawezayo kugeuka risasi, na akina mama katika viwanja vya Uingereza wakaamriwa waonje maziwa ya watoto wao mbele ya walinzi. Siku hizi chakula cha mtoto mchanga husamehewa kile kipimo cha mililita 100 walichowekewa abiria kwa vimiminika, na shukrani zetu mzipokee; imebaki tu kuwafundisha baadhi ya walinzi rangi ya uji wa ulezi.

Basi nije kwenye muradi wa waraka huu. Ndege inapotaka kuruka au kutua, mhudumu hupita akaamuru kila kitu kiwe mahali pake: mkoba uwe chini ya kiti cha mbele, meza ikunjwe, kompyuta ihifadhiwe, hata buli la chai kule nyuma litiwe kabatini na komeo lifungwe, kwa sababu chombo kikikita kwa kishindo, kila kisichofungwa hugeuka kombora. Mama aliyembeba mwanawe kwa mbeleko huambiwa aifungue, kwani mbeleko haikuidhinishwa. Akishaifungua, katika ndege nzima yenye viti 76 husalia kitu kimoja tu kisicho na mahali pake, nacho ni mtoto, ambaye kwingine hushikwa kwa mikono mitupu na kwingine huunganishwa na mkanda wa mamaye kwa kikanda cha ziada. Juu ya kikanda hicho maulamaa wenu wamehitilafiana: Ulaya ni wajibu, Marekani ni haramu. Mtoto wa Kitanzania aendaye Minnesota kwa njia ya Amsterdam atafungwa kwa ajili ya usalama wake, kisha, akiingia katika ndege ya Kimarekani, atafunguliwa kwa ajili ya usalama wake vilevile.

Mambo haya yamekwisha kupimwa kwa roho za watu. Tarehe 19 Julai 1989 ndege ya United Airlines, safari namba 232, ilianguka ikijaribu kutua Sioux City, Marekani, wakafa watu 112 kati ya 296. Mlikuwamo watoto wanne wa kupakatwa, na mkuu wa wahudumu, Jan Brown, akawaelekeza wazazi, kama alivyofundishwa, wawalaze watoto sakafuni na kuwazuia kwa mikono. Mmoja hakupona. Bibi huyo alitumia miaka mingi kuisihi serikali yake iamuru kila mtoto awe na kiti na mkanda wake, na serikali, mwaka 2005, ikakataa kwa hesabu: wazazi wakilazimishwa kununua kiti wataikimbia ndege na kwenda kwa magari, na huko barabarani watakufa wengi zaidi.

Hoja hiyo sisi wa Songea hatuwezi kuidharau, maana barabara tunaijua. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900, na basi huondoka alfajiri, likazipita kona za Lukumburu, likauteremka mlima wa Kitonga, mtoto akiwa amepakatwa vilevile, tena pasipo mkanda wa namna yoyote. Anayemtoa mtoto katika ndege akampeleka huko hakumfanyia ihsani. Walakini nimeigeuza hoja hiyo huku na huku, nikaona kwamba wanaosema bei ya kiti itawafukuza wazazi, na wanaoipanga bei yenyewe, huketi baraza moja.

Ombi letu basi ni dogo, wala halihitaji mkutano Montreal. Mmekwisha kuthibitisha wenyewe kwamba mtoto mchanga ni sehemu moja ya kumi ya mtu, nasi hesabu hiyo tunaikubali, hatuipunguzi wala hatuizidishi. Muuzieni kiti kwa sehemu hiyo hiyo, hasa siku zile pangaboi inapoondoka Ruhuwiko na viti vitupu visivyolipa hata senti, mkitie humo kile kiti kidogo cha watoto chenye mikanda, naye afungwe kama lifungwavyo buli la chai. Mkoba tutaupakata sisi.

Nimebaki mtiifu wenu,
Babu wa Wajukuu,
Songea, Ruvuma.