Sifa za Mchakato

Leo nataka kumsifu asiyesifiwa. Nausifu mchakato, ule ambao kila suala lako "liko kwenye". Katika vyote ambavyo serikali imewahi kumpelekea mwananchi, hakuna kinachofika kwa uhakika kama huu. Maji hukatika, umeme hukatika, dawa huisha zahanati, lakini mchakato haujawahi kukatika hata siku moja. Mstaafu wa Nachingwea anaupata sawasawa na mstaafu wa Dar es Salaam. Wanaonyimwa ni wenye kujuana tu, maana wao hulipwa kabla haujawafikia, masikini, wakazikosa baraka zake.

Asili yake ni njema. Umetokana na kuchakata. Kule Mtwara watu huchakata korosho: inaingia na ganda lake, inatoka nyeupe, inapimwa, inauzwa. Maofisini tumeuboresha ufundi huo. Barua inaingia, inachakatwa, na kinachotoka upande wa pili ni mchakato. Ukoo wake nao ni mkubwa: kuna "tumelipokea", kuna "tunalifanyia kazi", kuna "liko mezani", na yule kitinda mimba wa siku hizi, "mtandao unasumbua".

Mjomba wangu alifundisha hesabu shule ya msingi miaka thelathini na sita. Alipotimiza sitini alikabidhi chaki, akapewa mchakato. Siku hiyo hiyo, bila foleni. Ofisi siitaji, maana isije ikaona haya kwa kusifiwa hadharani. Kilichotakiwa kilikuwa kidogo tu: barua ya ajira ya kwanza, barua ya kuthibitishwa kazini, na maelezo ya miezi kumi na moja ya mwaka 2004 ambayo michango yake haionekani. Kuipeleka michango ilikuwa kazi ya mwajiri. Kueleza kwa nini haikupelekwa ikawa kazi ya Mjomba.

Nilimsindikiza siku ya kuhakikiwa. Uhakiki ni kumthibitishia karani kwamba mtu aliyesimama mbele yake hajafa. Mjomba aliweka kidole gumba kwenye mashine, mashine ikakataa. Akakifuta kwenye suruali, ikakataa. Karani akampa kitambaa chenye maji, kisha akamwomba ajaribu cha shahada, kisha cha mkono wa kushoto. Chaki ya miaka yote ile ilikuwa imekula mistari ya vidole, na jembe likamalizia iliyobaki. Mzee wa watu akabaki ameinua mikono yote miwili, vidole vimekunjuka, kama mtoto anayehesabu hadi kumi. "Mzee, tutaliingiza kwenye mchakato," karani akasema. Mjomba akashukuru.

Na tusisahau uchumi. Nje ya ofisi ile pana stesheneri nne, zote zinaishi kwa nakala. Pana mama ntilie anayewajua wastaafu kwa majina na kwa magonjwa yao, na anajua nani hali chumvi. Bodaboda wanakujua hata kabla hujashuka kwenye basi: "Mzee wa mafao, panda twende!" Mafao yangelipwa kwa wakati, watu hawa wote wangekula wapi?

Wanaobeza husema mchakato hauna elimu. Si kweli, umewafundisha wazee hesabu upya. Mwaka 2018 mifuko minne ya pensheni, PSPF, PPF, LAPF na GEPF, iliunganishwa ikawa PSSSF, na kikokotoo kipya kikaja na mkupuo wa asilimia 25 kwa wote. Waliokuwa wamezoea kutazamia asilimia 50 wakapiga kelele, na Desemba mwaka huo huo Rais Magufuli akaagiza kikokotoo cha zamani kiendelee hadi 2023. Kabla 2023 haijafika, Julai 2022, ikaja asilimia 33. Kwenye bajeti ya 2024 ikatangazwa 40 kwa waliokuwa kwenye 50, na 35 kwa waliokuwa kwenye 25. Kila tangazo lilipotoka Mjomba alichukua penseli na daftari la zamani la mwanafunzi, akakokotoa upya chini ya koroboi. Hakulalamikia kiwango. Aliuliza swali moja tu la kiualimu: "Mjomba, hivi nani hubadilisha swali katikati ya mtihani?"

Kwa maisha marefu nako hauna mpinzani. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika 1977, ikawaacha wafanyakazi wa reli, posta, bandari na ndege wakidai haki zao. Nchi tatu zilisaini mkataba wa kugawana mali na madeni mwaka 1984. Miaka ya 2000 ilipofika, wazee wa Afrika Mashariki walikuwa bado wanaonekana mahakamani na barabarani Dar es Salaam, mkononi karatasi zilizochakaa kuliko wao. Waliuanza mchakato wakiwa vijana wenye nywele nyeusi. Wengi wao wamezikwa. Mchakato umewasindikiza makaburini, ukarudi ofisini kuendelea na kazi.

Kubwa kuliko yote, umetuondolea kero ya wahenga. Waliposema ahadi ni deni, waliitia serikali kwenye usumbufu usiokwisha, maana kila aliyeahidi alionekana mdaiwa. Mchakato haudaiwi. Haukuahidi kulipa, uliahidi kuendelea, na unaendelea. Ndiyo ahadi pekee inayotimizwa kila siku ya kazi, saa moja na nusu hadi saa tisa na nusu. Waziri akisimama kesho na kusema kero za wastaafu zinakwenda kuwa historia, mwamini. Kwa umri zilizo nao, zimekwisha kuwa historia siku nyingi.

Safari ya mwisho tulimkuta dirishani karani mpya, kijana mtanashati. Alipomwona Mjomba alisimama wima.

"Shikamoo mwalimu! Ulinifundisha darasa la sita."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

Kijana akafungua faili, akapekua, akainua uso kwa huzuni ya kweli. "Mwalimu, liko kwenye mchakato. Lakini limesogea. Hatua zote hizi hapa, umeziona?"

Mjomba akavaa miwani, akazisoma hatua moja moja kwa kidole, kama anayesahihisha daftari. "Njia umeonyesha vizuri," akasema. "Jibu liko wapi?"

"Mwalimu, si wewe uliyekuwa unatupa maksi za njia?"

"Njia nilikuwa naipa moja, baba. Mbili zilikuwa za jibu."

Kisha akakunja miwani, akaomba tarehe ya kurudi, na tulipotoka akapitia stesheneri kutoa nakala nyingine mbili.