Taa Zote Nane Zimewaka

Fundi mtandao akiitwa ofisini hupokelewa na watu watatu: anayesema mtandao umekata, anayesema jana ulikuwa mzima, na anayesema yeye hajagusa kitu. Huyu wa tatu ndiye wa kumwangalia vizuri.

Fundi wa makala haya yuko Dar es Salaam. Wauzaji wa Kariakoo wanamfahamu kwa kukopa plagi za RJ45, na mfuko wake una krimpa ya kubania plagi hizo, kisu cha kumenyea waya, testa, na kile chombo cha kusukumia nyaya kwenye soketi ya ukutani. Ngazi huazima kwa mteja. Anayepanda darini ni saidia fundi wake, kijana mwembamba aliyemaliza kidato cha nne juzijuzi, kwa sababu dari la jipsamu halibebi mtu mzima. Fundi alilithibitisha hilo mwenyewe katika chumba cha mikutano, mkutano ukiwa unaendelea.

Kijana ni nadhifu, na unadhifu ndio ulioanza kumponza. Siku aliyoachiwa abane plagi peke yake aliziangalia nyaya nane akaona mpangilio aliofundishwa hauna akili: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, halafu bluu inajiingiza, nyeupe-bluu, ndipo kijani inatokea, mwisho nyeupe-kahawia na kahawia. Nani aliyemtenganisha kijani na mwenziwe? Akawarudisha pamoja. Kila rangi ikakaa na jozi yake, upande huu na upande ule. Testa ikawasha taa moja baada ya nyingine, zote nane, na fundi akalipwa chake.

Kesho yake asubuhi simu ikaita. Barua pepe zinakwenda kwa kudra, faili kubwa haziendi kabisa, na mhasibu ameanza kutaja neno “kurudisha”.

Testa haikudanganya; iliulizwa swali dogo. Inachojua ni kwamba waya namba 3 wa huku ndio namba 3 wa kule, basi. Nani amesokotwa na nani, hayo haiyajui. Na mtandao unajali msokoto kupita kiasi, maana nyaya mbili zikisokotwa pamoja, kelele za umeme wa jirani huziingia zote kwa usawa na kule mwisho hufutana. Alexander Graham Bell aliichukulia hataza mbinu hiyo mwaka 1881, kwa ajili ya simu. Sasa, namba 3 na namba 6 hufanya kazi kama jozi moja, kwa hiyo lazima zitoke kwenye msokoto mmoja. Ndiyo maana bluu mbili huwekwa katikati yao. Kijana, kwa nia njema, alikuwa ameoanisha nyeupe-kijani na bluu, wasiojuana kabisa. Kwenye waya wa mita mbili pengine isingeonekana. Wake ulipita mita sitini, juu ya tyubulaiti na sambamba na waya wa kiyoyozi.

Mfanyabiashara mmoja mzee alitaka kuunganisha duka lake na ghala lililo upande wa pili wa kiwanja. Hesabu aliifanya mapema: boksi la kebo lina mita 305, ghala liko mita 180, zinazobaki atauza. Fundi akamwambia kebo ya shaba mwisho wake ni mita 100, pamoja na vile vipande vya mezani.

“Sasa mbona wanauza mia tatu na tano?”

“Mzee, hata kitambaa huuzwa jora zima. Lakini hushoni kanzu moja.”

Wakakubaliana kuweka switchi katikati, kwenye kibanda cha mlinzi. Tangu hapo ghala hupotea mtandaoni kila mlinzi anapochaji simu.

Mzee huyohuyo alileta kebo yake mwenyewe kwa ajili ya kamera, imeandikwa “Cat 6”, kwa nusu ya bei ya kawaida. Boksi lilikuwa jepesi mno. Fundi akakwangua ncha ya waya kwa kisu: juu wekundu wa shaba, ndani weupe wa alumini. Waya wa aina hiyo hukatika upesi ukikunjwakunjwa, na umeme wa kamera ukipitishwa humo, mwingi hupotea njiani kwa joto kuliko kwenye shaba halisi. Mzee akasisitiza, mwenye mali ni yeye. Kamera ya lango la nyuma ikafanya kazi vizuri mpaka magharibi. Giza lilipoingia ikajaribu kuwasha taa zake za usiku, umeme haukutosha, ikazima, ikawaka, ikazima. Inalinda mchana tu.

Ila kisa ambacho fundi hachoki kukisimulia ni cha switchi ya mapokezi. Ofisi nzima ilikufa asubuhi moja: printa, simu za mezani, mfumo wa malipo. Fundi alibadilisha ruta. Akawapigia watoa huduma, akawagombeza kidogo, wakamgombeza pia. Akachomoa kompyuta moja moja huku wenyewe wakimtazama kwa uchungu. Mchana akainama chini ya meza ya mapokezi, akaona waya mfupi umetoka tundu moja la switchi na kuingia tundu jingine la switchi hiyohiyo.

“Nani amechomeka huu?”

“Mimi, kaka,” alisema dada wa usafi. “Niliukuta unaning’inia, nikaona watu wataukanyaga.”

Switchi ikipata ujumbe wa kuwafikia wote huutoa kila tundu; ukirudi kupitia tundu jingine, huutoa tena. Fremu za Ethernet, yaani vifurushi vya ujumbe huo, hazina hesabu ya kuziambia sasa mmechoka, pumzikeni, kwa hiyo ujumbe mmoja huzunguka na kuzaana mpaka nafasi iishe. Mhandisi wa Marekani, Radia Perlman, alibuni dawa ya ugonjwa huu mwaka 1985, lakini switchi nyingi za bei nafuu huuzwa bila dawa hiyo. Fundi akabandika karatasi: USICHOMEKE. Aliporudi safari nyingine haikuwepo. Gundi yake, alielezwa, ilikuwa inakusanya vumbi.

Faiba, uzi wa kioo unaopitisha mwanga, huheshimiwa zaidi, ingawa kuna mkurugenzi aliyeshika ncha yake na kutaka kuchungulia “kama intaneti imefika”. Mwanga wake hauonekani kwa macho na unaweza kuyadhuru, hivyo alinyang’anywa kwa adabu. Mwaka 2011 huko Georgia, bibi wa miaka 75 aliyekuwa akichimba chakavu cha shaba alikata mkongo wa faiba na kuiacha Armenia bila intaneti kwa saa kadhaa. Fundi humhurumia yule bibi: kazi yote ile, na kioo hakina bei kwa wanunuzi wa chakavu.

Kisha ikaja Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024. Mikongo miwili ya baharini, EASSy na Seacom, ilikatika upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikadorora Tanzania, Kenya na kwa majirani. Wateja wote walimpigia fundi, kila mmoja akiamini ni kwake tu. Mzee wa ghala alitaka kujua plagi zimebanwa vipi.

“Si plagi, mzee. Waya umekatika baharini. Inasubiriwa meli ije iunyanyue kwa kulabu, iuunge.”

“Huo waya una urefu gani?”

“Maelfu ya kilomita.”

Mzee alinyamaza kidogo. “Kijana, si uliniambia mwisho mita mia?”

Fundi akaanza kumweleza habari za kioo, mwanga, na vikuza mawimbi vinavyolazwa chini ya bahari kila baada ya makumi ya kilomita, mpaka salio la mzee likaisha.