Muulize Shangazi: Siku 5 za Pasaka

Pasaka ya 2026 ina ukarimu wake. Ijumaa Kuu ni tarehe 3 Aprili, Jumatatu ya Pasaka tarehe 6, na kesho yake Siku ya Karume. Asiyefanya kazi Jumamosi ana siku 5 mfululizo, na tayari barua za waliochanganyikiwa zimejaa mezani.

*Shangazi, shikamoo. Nimejipangia ratiba ya sikukuu: saa 11 alfajiri kukimbia, saa 2 kazi za ofisi, saa 6 kuogelea, saa 9 hadi saa 10 kupumzika na familia, halafu mazoezi ya tumbo. Mke wangu ameibandika kwenye friji na kila mgeni akiingia anamwonyesha. Nifanyeje? Mwenye Ratiba, Tabata.*

Marahaba, mwanangu. Familia umeipa saa moja, tena umeibana katikati kama abiria wa nne kwenye kiti cha watu watatu. Mkeo ana subira. Mimi ningeibandika getini.

Tuje kwenye mbio. Hujasema umeanza kukimbia lini, na ukimya huo naujua: raba bado zina karatasi ya bei. Shirika la Afya Duniani linamtaka mtu mzima apate dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Kwa wiki, baba, si kwa Ijumaa Kuu. Na mwongozo wao wa 2020 unahesabu hata vipande vifupi: kwenda sokoni kwa miguu na kurudi na kikapu, kucheza rede na wanao, kumkimbiza kuku wa Pasaka aliyekata kamba. Mtu aliyekaa kitini tangu Januari akijitupa barabarani siku 5 mfululizo, Jumatano hapandi daladala, anapandishwa.

Fanya hivi. Mchukue mkeo Coco Beach jioni, jua likishapoa. Vueni viatu mtembee mchangani nusu saa. Mchanga unaitesa miguu kuliko lami, kwa hiyo hujadanganya mtu. Kisha ununue mihogo ya kukaanga, umwachie yeye aamue kiasi cha pilipili, na mishikaki pembeni. Usihesabu kalori mbele ya muuza mihogo. Yule yuko kazini.

*Shangazi, nakwenda Moshi kwa wakwe. Bosi ameshaniambia nibebe laptopu, eti Ijumaa Kuu kutakuwa na "kakazi kadogo". Nikatae? Mkwe Mpya, Sinza.*

Usikatae, uliza bei. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiriwa akifanya kazi siku ya sikukuu ya kitaifa, kila saa alipwe maradufu ya mshahara wake wa msingi. Mwandikie kwa adabu: "Sawa bosi, naomba unithibitishie malipo ya sikukuu ili nianze kuhesabu saa." Tukazi tudogo twingi hufia hapo hapo. Akithibitisha, basi ifanye kazi asubuhi, uifunge laptopu, uiweke chini ya kitanda. Mkwe mpya anayechapa ripoti wakati wazee wanagawa ndafu atasimuliwa hadi kwenye misiba.

*Shangazi, wageni 9 wanatoka Tanga kuja kupumzika kwangu. Mimi nitapumzikia wapi? Mama Mwenye Nyumba, Kimara.*

Kazini, Jumatano.

Lakini usikate tamaa. Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Wakifika Ijumaa, siku ya tatu ni Jumapili yenyewe, siku ya pilau, na jembe la Kimara ni kinu. Wape vitunguu saumu watwange kwa zamu. Atakayelalamika mkono unauma mwambie hayo ndiyo mazoezi, mjini watu wanayalipia. Wewe kaa kibarazani na chai yako, uwe unauliza tu kama chumvi imetosha.

Shangazi naye anafunga ofisi hadi Jumatano tarehe 8. Msinipigie.